Mbwa mchanga aliyeokotwa: Nyumba ipi itamfaa?

WAHENGA walisema, tenda wema nenda zako. Usemi huo una hekima yake, lakini kwa mtu aliyemwokota mtoto wa mbwa kando ya barabara, hautoshi. Wema wake hauishii pale anapomtoa mnyama huyo mtaroni au jalalani. Asipompatia makazi yanayofaa, baada ya miezi michache mbwa huyo huyo anaweza kurudi barabarani, safari hii akiwa mkubwa, mwenye njaa, pengine mwenye mimba, na pengine mwenye ugonjwa unaoua binadamu.

Hali hiyo si ngeni katika miji ya Afrika Mashariki. Watoto wa mbwa waliozaliwa bila ya mwenye mbwa kutaka hutiwa katika boksi au kiroba na kutupwa mbali na nyumbani: sokoni, dampo au pembezoni mwa barabara kuu. Wengi hufa kwa njaa, maradhi au kwa kugongwa na magari. Wachache huokotwa na mpita njia mwenye huruma, mara nyingi mtoto wa shule, ambaye hufika nyumbani na kumkuta mama yake mlangoni akiuliza: huyu naye atakaa wapi?

Swali hilo la mama ndilo kiini cha jambo lenyewe, na halijibiwi kwa siku moja.

Kwanza daktari wa mifugo

Kabla ya kutafutiwa nyumba, mbwa mchanga anapaswa kufikishwa kwa daktari au afisa mifugo. Sababu kubwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, kifo karibu hakikwepeki.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtoto wa mbwa naye huweza kuugua. Virusi huweza kukaa mwilini mwake kwa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya dalili kuonekana. Mtoto wa mbwa aliyeng'atwa barabarani anaweza kuonekana mchangamfu leo, akaugua mwezi ujao akiwa tayari mikononi mwa watoto wa nyumba nyingine. Chanjo humkinga mbwa ambaye hajaambukizwa, lakini haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Kwa sababu hiyo, si busara kumkabidhi mbwa wa aina hiyo kwa mtu siku ile ile aliyookotwa. Inafaa akae kwanza chini ya uangalizi, mbali na mbwa wengine na watoto wadogo, kwa muda atakaoelekeza daktari wa mifugo. Katika muda huo atapewa dawa za minyoo, ataondolewa kupe na viroboto, na ataanza chanjo. Chanjo za magonjwa kama parvo na distempa huanza akiwa na umri wa wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa afikapo miezi mitatu, ingawa katika kampeni za kuchanja mbwa wengi kwa pamoja, wadogo zaidi nao huchanjwa.

Iwapo mtoto wa mbwa atamng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lisidharauliwe kwa kuwa meno ni madogo. Linapaswa kuoshwa mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri dalili.

Kisiwa cha Pemba kinaonyesha umuhimu wa chanjo. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa, kichaa cha mbwa kilikoma kisiwani humo mwaka 2014. Virusi viliingia tena kutoka nje mwaka 2016, na ugonjwa ukaenea hadi chanjo ya kisiwa kizima iliporejeshwa na kuukomesha mwaka 2018. Fundisho kwa anayempeleka mbwa kwa jamaa yake mkoa mwingine au ng'ambo ya bahari ni kwamba mbwa asiyechanjwa hapaswi kusafirishwa.

Samaki mkunje angali mbichi

Suala la pili ni umri. Mtoto wa mbwa anahitaji kuwa na mama yake na ndugu zake hadi afikishe takriban wiki nane. Ndipo hujifunza kunywa, kula, kucheza na kutong'ata kwa nguvu. Anayetenganishwa mapema mno huwa mwoga na msumbufu.

Kipindi cha kati ya wiki ya tatu na wiki ya 12 hadi 14 ndicho ambacho mbwa hujifunza nani ni rafiki na nini si cha kuogopwa. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1961 ulionyesha kuwa watoto wa mbwa waliokaa bila kuzoeshwa binadamu hadi wiki ya 14 waliwaogopa watu na ikawa vigumu mno kuwazoesha baadaye.

Kwa mbwa aliyeokotwa, maana yake ni hii: ikiwa wiki hizo alizipitisha akipigwa mawe na kufukuzwa, hatakuwa sawa na yule aliyezaliwa uani akibebwa na watoto. Ataogopa ufagio, sauti ya pikipiki au mtu mwenye fimbo. Akibanwa kwenye kona huweza kung'ata, si kwa ukali bali kwa hofu. Mbwa huyo anafaa zaidi nyumba tulivu, yenye mtu mzima mvumilivu, kuliko nyumba yenye watoto wengi wadogo wanaomvuta mkia. Aliye mchangamfu na asiyeogopa watu ndiye wa kupelekwa kwenye familia yenye watoto.

Wanaotaka mbwa mkali

Watu wengi wanaojitokeza kuchukua mbwa mijini hutaka mlinzi. Hilo si kosa. Mbwa amelinda nyumba za watu tangu kale. Kosa ni kudhani kwamba ukali huletwa na mnyororo na njaa. Mbwa mchanga anayefungwa mchana kutwa, asiyeguswa wala kuchezewa, hubweka ovyo na kuwa hatari hata kwa wenye nyumba. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wake, akala na kulala vizuri, na kwa hiyo akamtambua mgeni.

Makazi yenyewe nayo yachunguzwe. Nyumba yenye uzio na geti hurahisisha mambo, lakini ukuta mrefu peke yake si dalili ya malezi mema. Palipo na kuku au mbuzi, mbwa aanze kuzoeshwa angali mdogo. Katika nyumba za kupanga, ambako uani ni pa wote, ridhaa ya mwenye nyumba na ya wapangaji wenzake ni ya lazima. Mbwa wengi hurudishwa mitaani si kwa sababu anayewafuga amewachoka, bali kwa sababu jirani alilalamika na mwenye nyumba akatoa amri.

Majirani Waislamu wana sababu ya kidini ya kutopenda mate ya mbwa yaguse nguo au vyombo vyao, kwa kuwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, walio wengi katika pwani yetu, huyahesabu kuwa najisi. Hata hivyo, Uislamu umeruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo, na umo katika mafundisho yake mapokeo yanayojulikana sana ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mbwa anayefugwa ndani ya uzio na kutozurura milangoni kwa watu hupunguza ugomvi mwingi.

Maswali ya kumuuliza mchukuaji

Aliyemwokota mbwa asione haya kuuliza. Mbwa atalala wapi mvua ikinyesha? Nani atampa chakula familia ikisafiri kwenda kijijini? Nani hushinda nyumbani? Je, mbwa aliyekuwapo kabla yake yuko wapi, na kama alikufa, alikufa kwa nini? Mchukuaji ana uwezo wa kulipia chanjo kila inapohitajika? Mbwa huishi miaka kumi au zaidi. Anayemchukua leo kwa ajili ya mtoto wa darasa la tatu atakuwa bado naye mtoto huyo atakapomaliza sekondari.

Ni vizuri pia kufika na kuiona nyumba. Anayekataa kutembelewa, anayetaka apewe mbwa usiku huo huo, au anayesisitiza apewe jike ili amzalishe na kuuza watoto, aangaliwe kwa tahadhari.

Suala la uzazi ndilo chanzo cha yote. Jike huweza kupata joto la kwanza akiwa na umri wa takriban miezi sita, na mimba yake huchukua kama miezi miwili. Kwa hiyo mtoto aliyeokotwa mwezi Januari anaweza kuwa na watoto wake kabla ya mwaka kwisha. Kumhasi dume na kumfunga kizazi jike ndiko kunakozuia boksi jingine kutupwa barabarani. Makazi ya wanyama yenye utaratibu mzuri huliweka jambo hilo kuwa sharti.

Makabidhiano yafanywe kwa maandishi: karatasi yenye majina na namba za simu za pande zote mbili, kadi ya chanjo, na ahadi kwamba mchukuaji akishindwa atamrudisha mbwa kwa aliyempa, hatamtupa. Si vibaya kumwomba achangie gharama za chanjo, kwani anayepewa kitu bure kabisa wakati mwingine hukithamini kidogo.

Jijini Nairobi, chama cha kulinda wanyama cha KSPCA hupokea wanyama waliotelekezwa na kuwatafutia makazi. Mahali pasipo na makazi ya aina hiyo, wa kuanza naye ni afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo, ambaye mara nyingi huwajua wafugaji wazuri wa eneo lake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama, na mbwa ni miongoni mwao.

Wiki mbili za kwanza katika nyumba mpya ndizo ngumu. Mbwa aliyezoea njaa hula kwa pupa na huweza kuharisha. Apewe chakula kidogo mara tatu kwa siku, uji au ugali uliochanganywa na dagaa au mabaki ya nyama, bila mifupa iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vikali, na bila vitunguu, ambavyo ni sumu kwake. Asizungukwe na wageni wanaotaka kumwona. Apewe kona yake na aachwe aifuate familia kwa hiari yake.

Aliyemwokota apige simu baada ya wiki ya kwanza, na tena baada ya mwezi. Akisikia kwamba mbwa amechanjwa, anakula na hulala mlangoni pa watu wake, hapo ndipo anapoweza kwenda zake.