Ubaguzi wa rangi: Kwa nini haufi, na sisi tuna sehemu gani?

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyeumba watu kwa rangi na lugha mbalimbali, akazifanya tofauti hizo kuwa miongoni mwa ishara Zake kwa wenye kujua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, tuanze na jambo ambalo familia nyingi za Kiislamu zinalijua, ijapokuwa hazipendi kulisema hadharani. Kijana anakwenda kuposa. Sala tano hazimpiti, kazi yake ni ya halali, na imamu wa msikiti wake yuko tayari kumtolea ushahidi. Wazee wake wanapokewa kwa heshima, wanakunywa kahawa na kula halua, kisha wanaahidiwa jibu. Baada ya wiki mbili jibu linakuja kwa maneno laini: binti bado anasoma. Lakini neno lililosemwa ndani ya nyumba ile lilikuwa jingine: huyu si mwenzetu, tazameni rangi yake, tazameni nywele zake, watoto watatoka vipi? Ijumaa inayofuata baba wa binti na kijana yule wanasimama safu moja, bega kwa bega, na wote wawili wanaitikia "Amin".

Hapo ndipo linapozuka swali letu la leo. Kwa nini ubaguzi wa rangi upo, na kwa nini unaendelea kuishi katika zama hizi za elimu?

Wengi hujibu upesi kuwa sababu ni ujinga. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Kama dawa ya ubaguzi ingekuwa elimu peke yake, basi ungekwisha mwaka 2003, wanasayansi walipokamilisha kazi kubwa ya kusoma vinasaba vya mwanadamu, ikadhihirika kwamba watu wowote wawili duniani wanafanana kwa takriban asilimia 99.9. Na kama dawa ingekuwa sheria peke yake, basi ungezikwa Afrika Kusini. Huko sheria ya mwaka 1949 ilipiga marufuku ndoa baina ya Wazungu na watu wa rangi nyingine, na ya mwaka 1950 iliandikisha kila raia kwa rangi yake. Sheria hizo zilifutwa moja baada ya nyingine, na mwaka 1994 watu wa rangi zote walipiga kura pamoja. Hata hivyo, ni nani awezaye kusema kuwa ubaguzi umekwisha duniani, au hata katika mitaa yetu?

Ni wazi basi kuwa mti huu una mizizi mingine.

Mzizi wa kwanza: Kiburi

Mbaguzi wa kwanza tunayesimuliwa na Qur'ani Tukufu hakuwa binadamu. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 12, Iblis anaulizwa ni kipi kilichomzuia kumsujudia Adam (A.S.) ilhali ameamrishwa. Jibu lake lilikuwa kwamba yeye ni bora, kwa kuwa ameumbwa kwa moto na Adam ameumbwa kwa udongo.

Tulizingatie vyema jibu hilo. Iblis hakuwa mjinga, kwani alimjua Mola wake na alikuwa akizungumza Naye. Wala hakutaja ibada yake au jambo lolote alilolifanya kwa juhudi yake. Alitaja malighafi aliyoumbwa kwayo, kitu ambacho hakukichagua wala hakukifanyia kazi. Ndivyo alivyo kila anayejivunia rangi yake mpaka leo. Hakuna aliyeketi kabla ya kuzaliwa akachagua ngozi. Anayejiona bora kwa jambo ambalo hakulichuma, huyo anarudia hoja ya Iblis, hata kama ulimi wake unamlaani Iblis asubuhi na jioni.

Mzizi wa pili: Maslahi

Kiburi peke yake kingebaki kuwa maradhi ya moyo wa mtu mmoja mmoja. Kinapokutana na mali ndipo kinapogeuka kuwa mfumo.

Mfano ulio wazi ni biashara ya watumwa iliyovuka bahari ya Atlantiki. Baina ya karne ya 16 na ya 19, Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa katika meli, na takriban milioni 1.8 kati yao walifia baharini. Hapo mwanzo, udhuru uliotolewa na wengi ni kwamba watu wale si Wakristo. Lakini katika koloni la Virginia, huko Amerika ya Kaskazini, baadhi ya watumwa walianza kubatizwa. Kama sababu ya kuwatumikisha ilikuwa dini, basi sasa ilikuwa imeondoka. Je, waliachiwa huru? La. Mwaka 1662 ilitungwa sheria kuwa mtoto hufuata hali ya mama yake, hivyo hata mtoto aliyezaliwa na mtumwa kwa bwana wake alikuwa mali ya bwana huyo. Na mwaka 1667 ikatungwa nyingine kuwa ubatizo haubadilishi hali ya mtumwa. Udhuru wa dini ulipokufa, ukabaki udhuru wa rangi, ambao hakuna maji yanayoweza kuuosha.

Wasomi nao walikuja kuupa uonevu ule sura ya elimu. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyepanga viumbe katika makundi, aliwagawa wanadamu kwa rangi na mabara, akampa Mzungu sifa ya werevu na Mwafrika sifa ya uvivu. Biashara ilikuwa imekwisha kutangulia kwa zaidi ya miaka 200. Kwa maneno mengine, watu hawakutumikishwa kwa sababu walidharauliwa tu; walidharauliwa pia ili iwe rahisi kuwatumikisha.

Lakini insafu inatutaka Waislamu nasi tujitazame. Mwanzoni mwa karne ya 17, mwanachuoni mkubwa wa Timbuktu, Sheikh Ahmad Baba, aliulizwa kuhusu watumwa waliokuwa wakiletwa kutoka nchi za watu weusi. Alijibu kwamba weusi si sababu ya kumfanya mtu mtumwa, na kwamba Mwislamu huru hatiwi utumwani, awe wa nchi yoyote na rangi yoyote. Fatwa ilikuwapo, na misafara iliendelea kupita jangwani. Katika mwambao wetu nako, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Sultan Barghash, baada ya Waingereza kumshinikiza, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897. Katika mashamba ya karafuu, mara nyingi bwana na mtumwa walielekea kibla kimoja. Haikuwa kwamba mafundisho yalikosekana. Faida ilikuwa na sauti kubwa zaidi.

Mzizi wa tatu: Urithi

Mtu anaweza kuuliza: utumwa umekwisha na wakoloni wameondoka, sasa ubaguzi unakula nini hata uwe hai?

Jibu ni kuwa unarithiwa, kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mali. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, na mitaa waliyoishi watu weusi ikapakwa rangi nyekundu, yaani ni hatari kukopesha huko. Ubaguzi katika makazi ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1968. Lakini nyumba ni kitu cha kurithiwa. Aliyenunua nyumba aliwaachia wanawe thamani yake, na aliyenyimwa mkopo hakuwa na cha kuwaachia. Wajukuu wakitazamana leo, mmoja humwona mwenzake maskini akadhani umaskini ule umo katika damu yake. Hivyo matokeo ya dhuluma hugeuzwa kuwa ushahidi wa kuitetea.

Njia ya pili ni maneno ya nyumbani, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Wakoloni walitenganisha shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, nao walikwenda zao. Lakini ni nani anayemwambia mtoto asicheze juani asije akawa mweusi? Ni nani anayemtazama mtoto mchanga na kusema kwa furaha kwamba ni mzuri, ametoka mweupe? Ni mama gani anayepaka mkorogo mbele ya binti yake, kisha akashangaa binti naye akiuchukia uso aliopewa na Mola wake? Hata neno "ustaarabu", tulitumialo kwa maana ya mwenendo mwema, asili yake ni kujifanya Mwarabu. Kulitumia si dhambi, lakini linatukumbusha jinsi daraja za watu zinavyojificha ndani ya lugha.

Wala tusidhani kuwa ubaguzi una upande mmoja. Mwenye asili ya Oman au ya India, ambaye babu yake na baba yake wamezikwa katika ardhi hii, naye huambiwa arudi kwao pindi tu inapotokea tofauti sokoni. Mtoto anayesikia maneno hayo mezani kwa babaye haambiwi kuwa ni somo, lakini hulihifadhi kuliko masomo yote ya madrasa.

Hata katika umri huu?

Imam Bukhari amepokea kisa ambacho kila familia yapaswa kukijua. Sahaba Abu Dharr (R.A.), miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu, aligombana na mtu ambaye mama yake hakuwa Mwarabu, akamtukana kwa mama yake huyo. Habari zikamfikia Mtume (S.A.W.), naye akamwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake umo ujahiliya. Abu Dharr akauliza iwapo ni hata katika umri wake ule mkubwa. Mtume (S.A.W.) akamjibu kuwa naam. Kisha akawafundisha kwamba wanaowatumikia ni ndugu zao, hivyo wawalishe wanachokula wao na wawavishe wanachovaa wao.

Hapa yamo mafunzo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba mtu anaweza kuwa mwumini wa kweli na bado akawa na mabaki ya ujahiliya ndani yake. Kuambiwa hivyo si kutolewa katika dini, bali ni kupewa dawa. La pili ni namna Abu Dharr alivyoipokea dawa hiyo. Kisa hiki kimetufikia kwa sababu mtu mmoja alimkuta Abu Dharr mahali paitwapo Rabadha, yeye na mtumishi wake wamevaa nguo za namna moja, akamuuliza sababu. Hakuishia kusema kuwa moyoni hambagui mtu. Aligawa nguo. Toba yake ilionekana kwa macho, na ilimgharimu kitu.

Kwetu sisi, nguo ile mara nyingi ni posa. Inajulikana kwamba wako mafakihi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, walioingiza nasaba katika suala la kufu. Lakini waliifanya kuwa haki ya mwanamke na walii wake, haki ambayo wanaweza kuisamehe. Hawakuharamisha ndoa ya wenye nasaba tofauti. Imam Malik (R.A.) yeye aliitazama zaidi dini. Na tunaye Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Imam Muslim amepokea kwamba Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikuraishi, aliposwa na wanaume wawili wa Kikuraishi. Mtume (S.A.W.) akamshauri aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na mama yake, Ummu Ayman, ni Mhabeshi. Mwanzoni Fatima hakupendezewa. Kisha akatii, na mwenyewe akasimulia kuwa Allah (S.W.) aliitia kheri ndoa ile hata akaonewa wivu.

Wazazi wenzangu, hatuambiwi tumwozeshe binti kwa kila anayebisha hodi. Uchunguzi ni wajibu wetu: tuulize dini yake, tabia yake, uwezo wake wa kutunza nyumba, na tumuulize binti mwenyewe. Yakikosekana hayo tukatae, na tuseme ukweli kuwa ndiyo sababu. Lakini yakiwapo yote, kisha kizuizi kilichosalia kikawa ni ngozi, basi tujue kuwa tunayemnyima si kijana yule peke yake. Tunamnyima binti yetu mume mwema, na tunawafundisha wadogo zake waliotusikia kuwa safu ya msikitini ni ya dakika chache tu.

Ubaguzi haufi kwa sababu kila kizazi kinamkabidhi mwenzake. Hatuna uwezo wa kufuta yaliyofanywa Virginia wala yaliyofanywa Zanzibar, lakini tuna uwezo wa kukataa kuwa mkono unaokabidhi. Usiku wa leo, baada ya chakula, mzee wa nyumba awaulize watoto wake wamesikia nini kuhusu watu wa rangi nyingine, na wamekisikia kwa nani. Asishangae akitajwa yeye, na wala asikasirike. Abu Dharr (R.A.) hakukasirika.

Tunamwomba Allah (S.W.) azisafishe nyoyo zetu na mabaki ya ujahiliya, atujaalie kupimana kwa ucha Mungu kama alivyotufundisha katika Surat Al-Hujurat, na avijaalie vizazi vyetu kuwa bora kuliko sisi. Amin.

Wabillahi tawfiq.