Moyo wa Kima Ushonwe na Mtoto Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii nimeifundisha mara nyingi, lakini maana yake niliionja barabara usiku mmoja, binti yangu alipokuwa katika gredi ya 3. Mwalimu alikuwa amewaagiza wanafunzi wasome hadithi ya kima na papa, kisha wawaunde wanyama hao kwa vitu vipatikanavyo nyumbani na kuwapeleka shuleni asubuhi. Kufikia saa tatu usiku, kima wa binti yangu alikuwa soksi kuukuu iliyojazwa matambara, hana mkia, na jicho moja linaning'inia. Machozi yakamlengalenga. Nikamwambia akalale. Nikatwaa mkasi, kadibodi na gundi, nikamuunda papa mwenye mapezi na meno, na kima mwenye mkia wa kupendeza.

Alfajiri binti aliwatazama kwa makini, kisha akaniuliza: "Baba, moyo wa kima uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Moyo huo ndio kiini cha hadithi nzima, nami mhadhiri wa lugha nilikuwa nimeusahau.

Msomaji atakumbuka kisa chenyewe. Kima alikuwa akila matunda ya mkuyu ulioinamia bahari, akimtupia papa naye ale. Urafiki ukakua, hata papa akamwalika kima kwao na kumbeba mgongoni. Walipofika kilindini papa akafichua siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwamba wenziwe hawatembei na mioyo yao bali huiacha mitini. Basi na warudi wakauchukue. Papa akarudi, kima akaruka mtini, na urafiki ukaishia hapo.

Edward Steere aliichapisha hadithi hii mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja, nayo inajulikana humo kama kisa cha punda wa dobi. Hata hivyo, asili yake ni ya mbali zaidi. Wahindi waliisimulia katika Panchatantra, nao Waarabu wakaipata katika karne ya 8 kupitia kitabu cha Kalila wa Dimna. Kwa Wahindi aghalabu rafiki mhaini ni mamba. Katika Kiarabu ni kobe. Katika pwani yetu akawa papa. Kila watu waliipokea hadithi, wakaifinyanga upya kwa kile walichokuwa nacho karibu. Mtoto anayeshika soksi na kadibodi anafanya kazi iyo hiyo ya kale.

Lugha yetu yenyewe inaushuhudia udugu huo wa mkono na hadithi. Mtu hutunga ushanga, na mtu hutunga hadithi. Mtu husuka ukili na nywele; nasi katika fasihi tunauita mpangilio wa matukio msuko. Si ajabu, maana yeyote aliyewahi kutunga ushanga anajua kwamba punje moja ikirukwa, nakshi yote huharibika. Na ndivyo ilivyo hadithi.

Hapa ndipo penye kasoro yetu. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, wengi wetu tulizoea kuifundisha ngano ili mwanafunzi aweze kutaja sifa zake tano katika mtihani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulitutaka tumpe mtoto nafasi ya kutenda. Lakini mara nyingi anayetenda ni mzazi, au fundi aliyelipwa. Mtoto huchukua kinyago kizuri, akakipeleka, kikasifiwa, kikawekwa dirishani. Ukimtaka akusimulie hadithi, ananyamaza. Mtoto huyo amenyimwa mara mbili: hakusoma kwa dhati, wala hakuunda.

Ningependa kuwapendekezea walimu wenzangu njia iliyo nyepesi. Kwanza hadithi isomwe darasani kwa sauti, na isomwe yote. Pili, kazi ya mikono ifanyiwe papo hapo, si usiku nyumbani. Udongo, mabua ya mahindi, karatasi kuukuu na uji mzito wa unga badala ya gundi vyatosha. Tatu, wakati mikono inafanya kazi, mwalimu aulize maswali yanayomrudisha mtoto kitabuni. Moyo wa kima utauweka kifuani au mtini? Anayejibu kwamba utakuwa kifuani, ingawa kima amesema uko mtini, ameufahamu ujanja wa kisa hicho bila kukaririshwa. Mwisho, alama zitolewe kwa usimulizi, si kwa unadhifu wa kinyago.

Najua yupo mwalimu atakayesema kwamba darasa lake lina wanafunzi 60 na kipindi ni kifupi. Hoja yake ni ya haki. Lakini si lazima wawepo kima 60. Kundi la wanafunzi sita litamuunda kima mmoja, papa mmoja na mkuyu mmoja, na katika kubishania mkia uwe na urefu gani watatumia Kiswahili kingi kuliko katika zoezi la kujaza mapengo. Watajifunza maneno kunja, pinda, shona, kaza na legeza kwa vidole kabla ya kuyaandika.

Nanyi wanafunzi mnaoisoma safu hii, msione haya kwa kinyago kilichopinda. Kikiwa chenu, mtakuwa na la kukisemea.

Nirejee nyumbani kwangu. Asubuhi ile binti yangu alikata kipande cha kitambaa chekundu, akakishindilia ndani ya ile soksi yake na kuishona kwa nyuzi zilizokwenda upogo. Akaitia mkobani. Wanyama wangu aliwaacha mezani. Jioni alitusimulia kisa chote, akiupapasa moyo wa kima kila alipomtaja papa. Mimi nilikuwa nimemuunda papa mzuri, lakini mwenye hadithi alikuwa yeye.