Mtoto Asiyetulia na Fimbo ya Mwalimu

Oktoba 2019, Albert Chalamila, wakati huo akiwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, aliwachapa viboko wanafunzi wa Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, katika sakata la simu na kuchomwa kwa mabweni. Video ilisambaa, mjadala ukapamba moto, na Rais John Magufuli akamuunga mkono hadharani. Kuchoma bweni ni kosa zito na sina nia ya kuligeuza ugonjwa. Ninachokiona katika tukio lile ni imani iliyoota mizizi kuanzia ofisi za juu hadi Darasa la Kwanza, kwamba mtoto asiyefuata utaratibu ni mtoto ambaye hajachapwa vya kutosha. Imani hiyohiyo humkuta mtoto wa miaka 7 asiyeweza kukaa kwenye dawati dakika kumi, anayesahau daftari kila asubuhi, anayejibu kabla swali halijaisha na anayeacha kila zoezi njiani. Hoja yangu ni kwamba mtoto huyo, awe Tukuyu, Mafinga au Kilolo, anahitaji kuchunguzwa kabla ya kuadhibiwa, na kwamba utafiti uliokwisha kufanyika, mwingine hapahapa nchini, unatupa sababu nzito za kuamini kuwa fimbo haimtulizi bali huenda inamzidishia.

Wataalamu wameifuatilia hali hii kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo walishindwa kujizuia na kutuliza mawazo. Leo hali hiyo huitwa upungufu wa umakini na utukutu, na kwa kifupi cha kimataifa ADHD. Utundu wa kawaida haumo humo. Ili daktari aseme mtoto anayo, dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu angalau miezi 6, zionekane nyumbani na shuleni vilevile, na ziwe zinamharibia masomo au maisha yake na wenzake. Wapo wanaorukaruka na kuparamia kila kitu. Wapo pia wanaokaa kimya huku mawazo yao yako mbali, na hao, wasichana wengi wakiwamo, husahauliwa kwa sababu hawamsumbui mtu. Tafiti za mapacha katika nchi mbalimbali zimeonesha kuwa takribani robo tatu ya tofauti kati ya watoto katika jambo hili inatokana na urithi. Malezi yana nafasi yake, tena kubwa, katika namna hali hiyo inavyokuja kumletea mtoto madhara au kumwachia nafuu, lakini mzazi hakuitengeneza kwa kudekeza.

Wengi watasema huo ni ugonjwa wa Wazungu, wa watoto wanaoshinda mbele ya televisheni. Hoja hiyo inastahili jibu la takwimu. Mwaka 2007 Guilherme Polanczyk wa Brazili na wenzake walikusanya tafiti 102 kutoka mabara mbalimbali, zenye watoto na vijana zaidi ya 170,000, wakapata wastani wa zaidi kidogo ya watoto 5 katika kila 100. Tofauti kubwa kati ya tafiti ilitokana zaidi na namna ya kuhesabu kuliko na mahali watoto wanapoishi. Kinshasa, Espérance Kashala na wenzake walipowachunguza wanafunzi wa shule za msingi katikati ya miaka ya 2000, walipata takribani 6 katika 100. Tukichukua wastani huo wa dunia, darasa la wanafunzi 80, na madarasa ya ukubwa huo si machache tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, litakuwa na watoto wanne wa namna hii kila mwaka, mwalimu ajue asijue.

Hata hivyo, kwa Nyanda za Juu Kusini kuishia kwenye urithi ni kuiacha nusu ya habari. Mikoa hii ni ghala la mahindi na viazi la taifa, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Njombe na Rukwa zilikuwa karibu na nusu. Chakula kipo shambani na sokoni, lakini mtoto mdogo hulishwa uji wa mahindi mtupu, tena mara chache, huku mama akiwa shambani tangu alfajiri. Tumezoea kuuona udumavu kama suala la kimo, ilhali ubongo nao hujengwa katika miaka hiyohiyo. Jibu zito kuliko yote tunalipata Jamaika. Kuanzia mwaka 1986 Sally Grantham-McGregor, Susan Walker na wenzao walianza kuwafuatilia watoto 129 waliodumaa mjini Kingston. Walipofika miaka 17, waliodumaa utotoni walikuwa na wasiwasi zaidi, huzuni zaidi na utukutu zaidi kuliko wenzao waliokua vizuri. Lakini baadhi yao walipokuwa wadogo walitembelewa nyumbani kila wiki, kwa miaka miwili, na mhudumu wa afya aliyemfundisha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Hao, wakiwa na miaka 17, walikuwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko waliodumaa ambao hawakutembelewa, na wazazi wao waliripoti matatizo machache ya umakini. Lishe ya nyongeza peke yake haikuleta tofauti hiyo. Kila ninapofikiria fedha na nguvu zinazoelekezwa kwenye udumavu Iringa, natamani sana mchezo na mazungumzo ya mama na mtoto vipewe nafasi kando ya mayai na dagaa.

Shuka sasa kutoka milima ya Uporoto hadi Kyela, kwenye joto, mpunga na kakao, na utakutana na sababu nyingine. Malaria inayopanda kichwani haiishii siku mtoto anaporuhusiwa kutoka wodini. Chandy John na wenzake waliwafuatilia watoto wa Kampala miaka miwili baada ya kuugua, na mwaka 2008 wakaripoti kuwa zaidi ya 18 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa umakini, wakati katika watoto wa mitaa ileile ambao hawakuugua walikuwa chini ya 3. Kifafa nacho kina mzigo wake. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, theluthi mbili ya watoto wenye kifafa waliochunguzwa walikuwa na matatizo ya tabia, dhidi ya mmoja kati ya watano kwa watoto wengine. Ongeza Virusi vya Ukimwi, ambavyo kwa takwimu za 2022 na 2023 vilikuwa kwa asilimia 11.1 ya watu wazima Iringa na 9.6 Mbeya, ambapo wastani wa taifa ni 4.4. Nyuma ya asilimia hizo kuna watoto wanaouguza wazazi, na watoto wanaolelewa na bibi. Msiba humfanya mtoto asisikie somo. Pombe anayokunywa mama akiwa mjamzito, ulanzi ukiwamo, nayo inaweza kuuharibu ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa, na umakini ni miongoni mwa vitu vinavyoumia. Mwalimu aliye mbele ya darasa haoni lolote kati ya haya. Anachokiona ni mtoto asiyetulia.

Hapo ndipo fimbo inapoingia, nayo haiingii mara chache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Tobias Hecker wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na wenzake waliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa asilimia 95 walikwisha kuchapwa angalau mara moja, na kwamba waliochapwa zaidi nyumbani walikuwa wakorofi zaidi, na wema wao kwa wenzao ulikuwa mdogo. Uchambuzi wa mwaka 2016 kwa watoto haohao ulikwenda mbali zaidi. Adhabu kali iliambatana na hofu na huzuni za ndani, na hizo ziliambatana na uwezo mdogo wa kushika mambo kichwani pamoja na alama za chini darasani. Uwezo huo wa kushika mambo ndio uliopungua tangu mwanzo kwa mtoto mwenye ADHD. Tunamwadhibu, basi, kwa njia inayoelekea kumpunguzia kile kidogo alichonacho.

Msomaji makini atapinga kwamba pengine mkorofi ndiye anayejiletea fimbo, wala si fimbo inayomfanya mkorofi. Pingamizi hilo ni la haki, kwa sababu utafiti wa kuhoji watoto mara moja hauwezi kuonesha kipi kilitangulia. Lakini hata tukikubali kwamba ukorofi ulitangulia, bado tunabaki na mtoto aliyechapwa mara nyingi na hajabadilika. Fimbo ingekuwa dawa, waliochapwa sana ndio wangekuwa watulivu. Wazee nao watakumbusha kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kuonya na kuadibu ni wajibu wa mzazi, na mtoto huyu anahitaji mipaka iliyo wazi kuliko mwenzake yeyote. Ila mpaka humfaa akikumbushwa papo hapo, kwa maneno machache, kila siku, maana ubongo wake hauunganishi vizuri kosa la asubuhi na adhabu ya mchana.

Pingamizi zito zaidi ni la walimu wenyewe. Mwenye watoto 80 atamfuatilia vipi mmoja? Mambo yanayosaidia hayana gharama. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha. Apewe agizo moja kwa wakati, si matatu. Zoezi refu likatwe vipande, atumwe kufuta ubao anapoanza kuhangaika, na asifiwe pale pale anapofanikiwa. Mwaka 2018 Mabula Nkuba na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika shule 8 za sekondari za umma nchini. Walimu waliopata mafunzo ya siku chache juu ya kuishi na wanafunzi bila ukatili walipunguza kupiga, ikilinganishwa na ambao hawakufunzwa. Luwero, Uganda, mpango wa Raising Voices uliopimwa katika shule za msingi 42 ulipunguza ukatili wa walimu kwa asilimia 42. Hao ni walimu wa Afrika Mashariki, katika shule za umma zenye shida tunazozijua.

Wapo pia wanaoogopa kuwa tukianza kutaja ADHD tutawabandika watoto jina na kuwajaza vidonge. Hofu hiyo ina msingi. Marekani, utafiti wa mwaka 2018 ulionesha kuwa katika majimbo ambako mtoto huanza shule akiwa ametimiza miaka 5 ifikapo Septemba 1, waliozaliwa Agosti walitambuliwa kuwa na ADHD kwa theluthi moja zaidi ya waliozaliwa Septemba. Udogo wa umri ulichukuliwa kuwa ugonjwa. Nasi, tunaopokea Darasa la Kwanza watoto waliopishana umri sana, tuna sababu ya kwenda taratibu. Dawa kuu, metilifenideti, husaidia watoto wengi, lakini Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, na huku kwetu kuipata si rahisi. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni uchunguzi: macho, masikio, damu, historia ya degedege, msiba nyumbani, njaa. Kituo cha afya cha kata kinaweza mengi ya hayo, na kinachokishinda kipelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Chombo cha kuanzia tayari kimo ofisini kwa mwalimu mkuu. Kanuni za adhabu ya viboko hazimruhusu kila mwalimu kuchapa. Zinaweka kikomo cha viboko vinne, zinataka umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe, na zinaagiza kila adhabu iandikwe kitabuni pamoja na jina na kosa. Kitabu hicho kikiandikwa kwa uaminifu na kusomwa kila mwisho wa muhula, kitaonesha majina yanayojirudia: yuleyule Februari, yuleyule Aprili, kwa kosa lilelile la kutoka kwenye dawati au kutomaliza kazi. Kwa mtoto huyo adhabu imekwisha kujaribiwa na kushindwa, na ushahidi umeandikwa kwa mkono wa shule yenyewe. Ofisa elimu wa wilaya anaweza kuagiza kwamba jina likijirudia mara ya tatu, mzazi na mhudumu wa afya waitwe kabla ya kiboko kingine, na wanachuo wa Kleruu, Mpuguso na Mkwawa wakafundishwa kukisoma kitabu hicho kwa jicho hilo kabla hawajapangiwa shule.