Ahadi ni Deni: Unda Mhusika, Umjue Mwenza Wako

Tuseme ukweli, mpenzi msomaji. Ni jioni ngapi mwezi huu wewe na mwenza wako mmekaa sebuleni, kila mtu kainamia simu yake, na maneno pekee mliyoambiana ni "umefunga mlango?" Kama ni nyingi, usijisikie vibaya, hauko peke yako. Ila leo nakuletea mchezo usiotaka umeme, bando wala kiingilio. Unataka karatasi, penseli, dadu na watu wanne watano wasioona haya kutunga.

Ni mchezo wa kuigiza wahusika mezani. Ulioutangulia ukoo wote ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Mmoja wenu anakuwa msimulizi: anaeleza ulimwengu wa kubuni, wenye majoka, mapango na miji iliyozama. Wengine kila mtu anaunda mhusika wake na kusema anafanya nini. Dadu inaamua kama amefaulu. Hakuna mshindi, na hadithi ikinoga mnaweza kuicheza miezi. Tangu Januari 2023 kanuni zake za msingi zinapatikana bure kwa leseni inayomruhusu yeyote kuzitumia, kwa hiyo usinitolee kisingizio cha hela.

Sisi huku Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, tuliuanza mwaka 2024, serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa, na wifi yangu ndiye anayewaanika na kuwauza. Fikiria: miezi mitatu taa za boti zimezimwa, vichanja vitupu, na mwanaume aliyezoea kulala mchana na kufanya kazi usiku hana pa kupeleka usiku wake. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyeleta wazo. Mimi nikapewa usimulizi kwa sababu, eti, naongea sana.

Namba zisikuchanganye

Mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Kila sifa inapewa namba. Unaweza kurusha dadu nne za ludo, ukaondoa iliyotoka ndogo na kujumlisha tatu zilizobaki. Unarudia mara sita. Asiyependa bahati nasibu anachukua namba zilizopangwa: 15, 14, 13, 12, 10 na 8, anazigawa apendavyo.

Hapo ndipo wengi wanapogombana. Kila mtu anataka 15 iende kwenye nguvu, halafu ile 8 anaitazama kama ugonjwa. Ngoja tupige hesabu. Namba 15 inakuongezea 2 kwenye kila jaribio, na namba 8 inakupunguzia 1. Tuseme unataka kuvunja mlango na msimulizi ametaka upate 15. Unarusha dadu ya pande ishirini. Mwenye nguvu 15 anafaulu ikitoka 13 au zaidi, yaani nafasi 8 katika 20. Mwenye nguvu 8 anahitaji 16 au zaidi, nafasi 5 katika 20. Tofauti ya mbabe na mnyonge ni nafasi tatu tu! Sasa unanuna ya nini?

Kama huna dadu ya pande ishirini, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, uvikunje na kuvitia bakulini. Kila ukichomoa kimoja, ukisome na kukirudisha. Sisi tulianza hivyo.

Mwanzo si ushujaa, mwanzo ni deni

Mhusika anaanza ngazi ya kwanza, na ngazi ya kwanza ni uchanga. Mshale mmoja au miwili unaweza kumlaza chini. Mdogo wangu alitaka kuanza na jemadari aliyewahi kuua joka. Nikamuuliza: kama joka lishauawa, sisi tunaenda kufanya nini huko?

Kwa hiyo mezani kwetu kila mhusika anajibu maswali matatu kabla hajapewa hata upanga. Anadaiwa nini, na nani? Ni nani kati ya wenzake wa mezani hawezi kumwacha njiani? Na kwa nini ameondoka nyumbani leo, si jana? Wahenga walisema ahadi ni deni, kwa hiyo deni si lazima liwe la pesa. Linaweza kuwa kiapo kwa mama, au kaburi ambalo halijajengewa.

Sikilizia mfano wa karibu na sisi. Ujiji inajulikana duniani kwa sababu Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871. Ila mimi ukiniambia nichague wahusika katika habari ile, nitawachukua Susi na Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Hatukumbuki walikuwa na nguvu kiasi gani. Tunakumbuka walimbeba nani, na kwamba hawakumtua njiani.

Swali lililonyamazisha meza

Jioni ya pili mdogo wangu alikubali kuanza na nahodha wa kawaida, busara 8. Wifi alikuwa na mhusika mjanja wa kufungua makufuli, na mume wangu alikuwa manju anayeponya watu kwa nyimbo. Nikauliza: "Nahodha anadaiwa nini?"

"Injini," akasema. "Ameiweka rehani kwa mtu. Mkewe hajui."

Wifi akacheka. "Na huyo mke naye haulizi?"

"Anauliza. Anaambiwa iko kwa fundi."

Kicheko kikakatika. Injini yao ya kweli ilikuwa "kwa fundi" tangu Juni.

Niliinuka kwenda kupasha chai, mume wangu akanifuata bila kuambiwa. Kutoka jikoni nilimsikia wifi akiuliza swali moja tu: "Shilingi ngapi?" Wakaondoka bila kunywa. Siku mbili hawakusemeshana. Ya tatu walikwenda wote wawili kwa mkopeshaji, wakakubaliana kulipa kidogo kidogo ziwa likifunguliwa. Injini ilirudi Oktoba, na mdogo wangu hadi leo anasemwa.

Lakini wifi alirudi mezani. Akaichukua karatasi ya mumewe, akafuta jina la mdai wa nahodha, akaandika jina la mhusika wake. "Sasa unadaiwa na mimi," akamwambia. "Tutaona kama utaniacha njiani." Tangu hapo wale wahusika wawili hawaachani hata pangoni. Usinielewe vibaya, mchezo haukulipa deni la mtu. Ulimpa mwanaume mwenye aibu mdomo wa kuazima, ili aseme alichoshindwa kusema kwa mdomo wake.

Dondoo kabla hamjakaa

Undeni wahusika pamoja, siku moja, meza moja. Ukiunda wako kivyako chumbani, utakuja na mtu asiyemhitaji yeyote, na mtu wa hivyo hana sababu ya kusafiri na wengine.

Madeni yenu yafungamane. Angalau wawili wawe wanadaiana.

Mpe mhusika udhaifu unaoweza kuuchekea. Nahodha wetu anaamini kila anachouziwa.

Usimgeuze mwenzako mshtakiwa. Mtu akitunga mhusika mlevi au msaliti, usimuulize mbele za watu kama anamaanisha nani. Likitokea la kweli, simamisheni mchezo, wapeni wahusika wenyewe faragha.

Chungeni maneno. Katika mchezo huu kuna mhusika wa miujiza, lakini ukipaza sauti usiku "mimi ndiye mchawi, namchoma moto sasa hivi!" jirani hatajua kuwa ni mchezo, na neno hilo huku si la mzaha. Sisi tunamwita mjuzi wa nyota, na tunalala salama.

Siku hizi tunacheza usiku wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa vizuri na mdogo wangu anabaki nchi kavu. Wewe chagua usiku wako. Zimeni televisheni, gawaneni karatasi, halafu umuulize mwenza wako taratibu: huyu mtu wako anadaiwa nini? Kisha nyamaza, umsikilize.