Sura ya 6: Pole Si Hati ya Deni

Tuseme ni saa nne asubuhi Ndalambo, kata ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, kwenye barabara ya kilomita 223 itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Kando ya lami, mbele ya safu ya maduka, kuna uwanja wa udongo. Hakuna mstari uliochorwa wala kibao. Kila dereva anaweka gari palipo na nafasi, na akipata kivuli ashukuru. Noah moja imemaliza kupakia magunia. Konda kasimama nyuma, anapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, njoo. Mara kioo kinalia. Taa ya nyuma ya IST ya mwalimu iko chini vipande vipande, na bampa limebonyea.

Dereva wa Noah anashuka. Kwa kuwa amelelewa, anaanza na shikamoo, anaitikiwa marahaba, kisha anasema: "Pole sana, Mwalimu." Mpaka hapo hajaharibu kitu. Lakini watu wameshajaa, Mwalimu amenyamaza, na ukimya wa mkubwa ni mzigo. Kijana anaongeza: "Kosa ni langu, nitakutengenezea kila kitu."

Maneno ya kwanza ni adabu. Ya pili ni hati ya deni, na ameitia saini mbele ya umati. Sura hii inahusu yaliyo katikati ya kauli hizo mbili.

Maswali mawili yanayochanganywa

Magari yakigusana, watu huuliza swali moja kwa sauti: nani ana kosa? Chini yake kuna swali jingine: nani atalipa? Tunayachukulia kama jambo moja, kumbe kila moja lina njia yake. La kwanza linajibiwa kwa ushahidi: gari lipi lilikuwa linatembea, lipi limesimama, na nani alipaswa kumwona mwenzake. La pili linajibiwa kwa mkataba: una bima gani, imeandikwa nini, na umetimiza masharti yake au umeyavunja. Mwenye kosa anaweza asitoe hata shilingi kwa sababu bima yake inamlipia. Asiye na kosa naye anaweza kuishia kulipia bampa lake mwenyewe, kwa kukosa ushahidi au kwa kutojua alikuwa na bima ya namna gani.

Kosa lilipo

Anayerudi nyuma ndiye mwenye wajibu mkubwa, maana ndiye anayeingia mahali asipopaona vizuri. Gari lililosimama halikwepi. Kwa hiyo katika kisa chetu, Noah inaanza ikiwa na mzigo wa lawama.

Hapo madereva wengi humsukumia konda: "Yeye ndiye aliyeniambia njoo." Utetezi huo hauna miguu. Konda anasaidia macho ya dereva, hachukui mahali pake. Usukani ulikuwa mkononi mwa nani? Na ikiwa dereva ni mwajiriwa, dai linaweza kumfikia mwenye Noah pia, kwa kuwa kijana alikuwa kazini kwake.

Ila kusimama peke yake hakumtakasi mtu. Kama IST ilikuwa imeegeshwa katikati ya njia ya kutokea, au nyuma kabisa ya Noah ambayo injini yake ilikuwa inaunguruma, Mwalimu naye anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama, na fidia yake ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Magari mawili yakirudi nyuma kwa wakati mmoja yakakutana kati, kwa kawaida lawama hugawanywa. Anayefungua mlango bila kutazama, mlango ukakutana na gari linalopita, kosa humwelemea yeye. Na gari lililoachwa bila handibreki likateremka lenyewe ni kosa la aliyeliacha, hata kama wakati huo alikuwa mgahawani anakunywa chai.

Vipi vile vibao vya mjini vinavyosema unaegesha kwa hatari yako? Mwenye eneo anajikinga yeye. Dereva aliyekugonga hawezi kujificha nyuma ya kibao kisicho chake.

Bima ndogo, bima kubwa

Mtaani tunasema bima ndogo na bima kubwa. Ndogo inahusu hasara unayomsababishia mtu mwingine. Kubwa inaongeza gari lako mwenyewe. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, na kubwa imekuwa ikihesabiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari kabla ya kodi hiyo.

Hapa wengi hujikwaa. Mwalimu mwenye bima ndogo anafungua kabati, anatoa karatasi zake, anampigia wakala wake wa Tunduma. Wakala anamjibu kwa upole kwamba hana la kumlipa. Mwalimu anaona ametapeliwa. Miaka yote hiyo analipa! Hakutapeliwa. Bima yake ndogo ingemlipia yule ambaye yeye angemgonga. Taa yake itatoka kwenye bima ya Noah, na dai lake linapaswa kuelekezwa huko, likiwa na ushahidi kwamba Noah ndiyo yenye kosa.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo hata mawakala hulipita haraka. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari awe na kinga ya kifo na majeraha ya watu wengine. Haikulenga mabampa. Uharibifu wa mali huingia kwa sababu kampuni imeuandika kwenye mkataba, pengine kwa kikomo cha fedha. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala siku unayokata bima si bei peke yake. Muulize: nikimgongea mtu gari, mnalipa mpaka kiasi gani?

Matumizi ya gari nayo yameandikwa mkatabani. Noah iliyokatiwa bima ya gari binafsi, kisha ikapakia abiria kwa nauli, imeipa kampuni ya bima sababu nzuri ya kukataa dai. Vivyo hivyo dereva asiye na leseni ya daraja la gari analoendesha. Shilingi chache zilizookolewa wakati wa kukata bima hudaiwa siku ya taa kuvunjika.

Je, uwanja ni barabara?

Swali hili linaonekana la kuchekesha mpaka fedha nyingi ziwe zinalitegemea. Uingereza lilifika hadi kwenye baraza la juu kabisa la rufaa mwaka 1998, katika kesi ya Clarke dhidi ya Kato iliyosikilizwa pamoja na nyingine, zote zikihusu watu walioumia kwenye maegesho. Sheria yao ililazimisha bima kwa gari linalotumika "barabarani". Majaji wakaamua kwamba maegesho, kwa kawaida, si barabara: barabara ni ya kupita kwenda mahali, maegesho ni ya kuweka gari. Mwaka 2000 sheria ikarekebishwa ili iguse pia mahali pengine pa umma.

Kwa msomaji wa Momba funzo ni jepesi: usidhani kwamba kwa kuwa mmegongana uwanjani, nje ya lami, basi hakuna sheria wala bima inayohusika, mmalizane tu. Mkataba wako unaweza kuwa mpana kuliko sheria. Usome kabla hujakata tamaa, na kabla hujamkatisha tamaa mwenzako.

Neno ambalo wengine walilazimika kulitungia sheria

Turudi kwenye pole. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga mwaka 2006 sheria maalumu ya kuomba radhi. Ilikuja kwa sababu watu waliogopa kusema lolote la huruma baada ya ajali, wasije wakanukuliwa mahakamani kwamba wamekiri. Sheria ikatamka kwamba kuomba radhi si kukiri kosa, wala hakuwezi kumnyima mtu bima yake.

Mswahili alishapata sehemu ya ufumbuzi huo katika lugha yake. Pole anapewa mgonjwa, aliyefiwa, aliyejikwaa mwenyewe, hata anayerudi kutoka shamba. Anayeitoa anatambua uchungu wa mwenzake, na hakuna mtu Ndalambo atakayekuuliza ulimkosea nini. "Nimekosa" ni neno jingine kabisa. Hilo linataja mwenye dhambi, na "nitalipa" linataja kiasi, hata kama kiasi chenyewe hakijasemwa.

Kwa nini tofauti hii ina uzito? Mikataba mingi ya bima ya gari ina sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Sababu yake inaeleweka: fedha zitakazotoka ni za kampuni, nayo inataka kuchunguza kabla hajatokea mtu wa kuzigawa. Kijana wetu alipoahidi kutengeneza "kila kitu", aliiahidi mifuko ambayo si yake. Kesho fundi akisema bampa zima libadilishwe na buti linyooshwe, kampuni inaweza kumwambia: uliyeahidi ni wewe, lipa wewe.

Hii si ruhusa ya kusema uongo. Trafiki akiuliza kilichotokea, eleza ulivyoona: nilikuwa narudi nyuma, nilisikia mlio, nikasimama. Huo ni ukweli mtupu. Nani mwenye kosa, na kwa kiasi gani, waachie wanaopima.

Dakika kumi za kwanza

Simama. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kujitambulisha. Kama mwenye gari hayupo, muulize mlinzi au mwenye duka, na ukimkosa acha jina na namba ya simu, ukishuhudiwa na mtu wa pale. Kuondoka kimyakimya kunageuza taa iliyovunjika kuwa kosa la jinai.

Kama yupo aliyeumia, hata anayesema ni maumivu kidogo ya shingo, mambo ya kuyamaliza uwanjani yameisha. Piga simu polisi. Majeruhi atahitaji PF3 kwa matibabu, na dai linaweza kudumu muda mrefu kuliko gari lenyewe.

Kama hakuna aliyeumia, piga picha kabla magari hayajasogezwa: ya karibu ikionyesha palipobonyea, na ya mbali ikionyesha maduka, njia ya kutokea na matairi yalivyoelekea. Picha ya mbali ndiyo watu husahau, nayo ndiyo inayosema nani alikuwa wapi. Andika namba za magari, majina, simu, na mashahidi wawili wasio ndugu. Kisha hakiki bima ya mwenzako kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa kutumia namba ya gari. Karatasi iliyobandikwa kiooni si ushahidi wa kutosha.

Taarifa ya polisi usiidharau hata kama mmepatana. Kampuni za bima huomba PF90, ambayo ni taarifa ya polisi kuhusu ajali, na PF93 ya ukaguzi wa gari. Bila hizo, dai lako ni hadithi.

Hesabu ya kudai

Kuna siku kudai ni hasara. Chukua gari la shilingi 12,000,000 lenye bima kubwa. Asilimia 3.5 ni 420,000. Ongeza kodi ya asilimia 18, inakuwa 495,600 kwa mwaka. Tuseme matengenezo ni 280,000, na mkataba wako unasema hasara ya mwanzo ya 250,000 unaibeba mwenyewe. Kampuni itakulipa 30,000. Ukiweka nauli za kwenda na kurudi Tunduma, pamoja na punguzo la mwakani ambalo huenda ukalipoteza kwa kuwa umedai, umefanya kazi ya bure. Katika hali hiyo toa taarifa kwa kampuni ili usivunje sharti, lakini usiharakishe kudai.

Mkiamua kumalizana wenyewe, andikeni. Tarehe, namba za magari, kiasi kilicholipwa, na maneno kwamba aliyelipwa hana dai jingine kuhusu tukio hilo. Kabla ya kusaini, mpelekeeni fundi gari afungue bampa. Nyuma ya plastiki iliyobonyea kidogo huweza kujificha chuma kilichopinda. Dai la madhara haliishi milele, lakini ukomo wake kisheria ni miaka mitatu, muda wa kutosha kwa mtu kubadili mawazo. Na kampuni ikikataa dai bila sababu ya kueleweka, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009.

Namba za ng'ambo

Songwe ni mkoa wa mpakani, na mwenye gari wa Ndalambo anaweza kugongana na mtu Nakonde, upande wa Zambia, mchana wa siku hiyohiyo. Bima ndogo ya nyumbani haivuki geti. Kinachovuka ni kadi ya njano ya COMESA, mpango uliozaliwa kwa itifaki ya 1986. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye kadi. Kadi hiyo inamlinda unayemdhuru huko kwa kiwango cha sheria ya nchi yake, na dai hushughulikiwa na ofisi ya mpango huo katika nchi ajali ilipotokea. Bampa lako wewe hailigusi.

Kijana wa Noah, basi, angesema nini baada ya pole? Kitu kama hiki: "Mwalimu, bima ninayo, namba yangu hii hapa. Twende tukaandikishe polisi, tusipoteze muda wako." Hakukiri, hakukana, hakukimbia. Na Mwalimu, ambaye ukimya wake ulikuwa unasubiri kusikia kama ataheshimiwa, angekuwa na kitu cha kushika mkononi kilicho bora kuliko ahadi: namba ya gari, namba ya simu, na picha ya mbali inayoonyesha maduka.