Afya Yako: Aliyeteremka Lazima Apande

Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Huku Ufipa mambo ni kinyume. Sisi tunaanza kwa kushuka. Mtu anayekwenda bonde la Rukwa kwa miguu, kutafuta samaki au kumwona ndugu, huteremka asubuhi akiwa na nguvu. Hupanda mchana akiwa amechoka. Hapo ndipo hatari ilipo.

Yaliyonipata

Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, nilikwenda bondeni kuchanja watoto. Nilifuatana na mzee mmoja wa kijiji. Tulipoanza kuteremka niliona dumu langu la maji ni zito. Nikamwaga nusu. Nilifikiri tutakuta maji korongoni.

Mzee aliniambia, "Mwanangu, korongo lile mwezi huu ni mawe matupu."

Sikumsikiliza. Nilijiona mimi ndiye mwenye cheti.

Tulianza kupanda saa 7 mchana. Saa 8 maji yangu yalikwisha. Kichwa kiliniuma, mapaja yalikaza, nikatapika. Mzee alinikalisha chini ya mti. Alinivua koti na viatu, akalowesha kitambaa, akanipepea. Maji yake mwenyewe akanipa kidogo kidogo. Tulikaa hapo mpaka saa 10. Tulifika juu usiku, tukitetemeka kwa baridi. Bila mzee yule, nisingeandika makala hii.

Kwa nini kupanda ni hatari?

Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Mbizi hufika mita 2,400 hivi. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 tu. Kila unaposhuka mita 1,000, joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mtu aliyezoea baridi ya juu huingia kwenye joto kali kwa saa chache. Mwili hutoa jasho jingi. Jasho hutoka na maji na chumvi. Visiporudishwa, damu hupungua maji, kichwa huzunguka na miguu hulegea.

Piga hesabu kabla ya kuondoka

Hesabu ni rahisi. Kila kilometa 5 za njia, weka saa moja. Kila mita 600 za kupanda, ongeza saa moja nyingine.

Mfano: njia ni kilometa 10, na kupanda ni mita 900. Kilometa 10 ni saa mbili. Mita 900 ni saa moja na nusu. Jumla ni saa tatu na nusu. Ongeza saa moja ya kupumzika. Jumla ni saa nne na nusu. Mwenye mzigo, mzee au mjamzito huhitaji zaidi.

Sasa tazama jua. Huku kwetu magharibi jua hufika utosini karibu saa 7 mchana, na huchwa karibu saa 1 jioni. Ukiondoka bondeni saa 7, utapanda katika joto kali. Ukiondoka saa 10 alasiri, usiku utakukuta njiani. Basi teremka saa 11 alfajiri, ufike saa 2 asubuhi, umalize shughuli, uanze kupanda kabla ya saa 4. Kama huwezi, lala bondeni ndani ya chandarua chenye dawa. Panda kesho yake alfajiri.

Vitu vya kuchukua

1. Maji lita 5 kwa kila mtu mzima. Katika joto kali, saa moja ya kupanda huweza kutaka lita nzima. Tumia kidogo wakati wa kushuka. Usimwage.
2. Chakula chenye nguvu: viazi vitamu, karanga, ugali.
3. Kofia au khanga ya kichwani, na nguo nzito ya jioni.
4. Viatu au makatambuga yasiyoteleza, fimbo na tochi.
5. Mwenzako. Usiende peke yako. Mwambie jirani njia utakayopita na saa ya kurudi.

Usinywe maji ya njiani bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Bonde la Rukwa limewahi kupata kipindupindu. Maji ya ziwa yana chumvi, hayakati kiu. Pia ziwa lina mamba. Usiingie majini kuoga.

Mwenzako akizidiwa

Mpeleke kivulini. Mlegeze nguo, mloweshe, mpepee. Mpe maji yaliyochanganywa hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ampe kiu nafasi, anywe polepole.

Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, hiyo ni hatari kubwa. Usimnyweshe kitu, maana maji yataingia mapafuni. Endelea kumpoza, na tafuta watu wa kumbeba kwa machela hadi zahanati au hospitali.

Aliyeumwa na nyoka asitembee. Msimchanje, msinyonye jeraha, msifunge kamba ya kukaza. Mbebeni haraka.

Ukisharudi

Bondeni kuna mbu wengi kuliko juu. Malaria haionekani siku ileile. Homa huweza kuanza baada ya siku 7, hata wiki kadhaa. Ukipata homa, nenda zahanati ukapimwe. Mwambie mhudumu kwamba ulikwenda bondeni. Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha yako, kwa sababu wengi wetu wa juu hatujazoea malaria na huugua sana.

Ndugu msomaji, maji ni mzigo wa kwanza wa msafiri. Na mzee anayeijua njia ni mwalimu, hata kama hana cheti.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mwandishi alizidiwa njiani?
2. Njia ya kijiji chenu kwenda bondeni au ziwani ni kilometa ngapi? Kurudi kutachukua saa ngapi?
3. Nani kijijini anajua mahali penye maji mwezi wa Oktoba? Mwulizeni.