Chemshabongo tatu, miungu watatu: Nilivyotafuta orisha wangu kwa simu nikakwama

Saa saba usiku, bando inakaribia kuisha, na mimi niko kitandani mtaani Umoja nikijibu maswali kuhusu hasira zangu. Ukikosewa unafanya nini? Unalipuka, unanyamaza, au unapanga kisasi polepole? Kati ya bahari, mto na msitu, ungependa kuamkia wapi?

Nikabonyeza jibu la mwisho. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaniambia mimi ni mwana wa Ogum, orisha wa chuma na vita, yule anayefungua njia.

Wacha niseme ukweli, nilisisimka. Nikapiga picha ya skrini nikaitupia kundi la WhatsApp la wasee wa mtaa. Mmoja akauliza kama huyo Ogum anaweza kunilipia kodi ya nyumba.

Kisha nikafanya kosa la kujaribu chemshabongo ya pili. Hii haikujali hasira zangu, ilitaka tarehe ya kuzaliwa tu. Ikasema mimi ni wa Oxóssi, mwindaji wa msituni. Ya tatu ikaniuliza rangi ninayoipenda, ikanikabidhi kwa Iemanjá, mama wa bahari. Mimi, mtu asiyejua hata kuogelea!

Usiku mmoja, miungu watatu. Bando ikakata.

Nilifikaje huko?

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilichangia, lakini si karo peke yake. Kozi yenyewe nilichaguliwa na alama zangu za KCSE, na kila nikiingia darasani nilihisi kama nimevaa koti la mtu mwingine.

Tangu hapo, kila harusi na kila matanga hakukosi mjomba wa kuniuliza, "Sasa siku hizi wewe ni nani?" Anamaanisha kazi, najua. Lakini swali lenyewe huingia ndani zaidi ya hapo.

Halafu Mei 2024 mwanamuziki wa Brazil, Anitta, akachapisha picha za video ya wimbo wake 'Aceita' zikimwonyesha kwenye ibada ya dini inayoitwa Candomblé. Ndani ya saa chache alipoteza wafuasi zaidi ya laki mbili kwenye Instagram. Nilishangaa. Huyu amekata viuno jukwaani miaka na mikaka na dunia ikashangilia. Alipoonyesha anavyoomba, watu wakahama.

Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba waumini wa Candomblé wanaamini kila binadamu ana orisha anayemiliki kichwa chake, hata kama mwenyewe hajui. Yule mjomba wa matanga akanirudia akilini. Kumbe kuna watu swali lake wana njia ya kulijibu!

Dini iliyovuka bahari kwenye minyororo

Brazil ilipokea karibu Waafrika milioni tano waliofanywa watumwa, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika. Ikawa pia nchi ya mwisho huko kufuta utumwa, Mei 13, 1888.

Waliposhushwa kwenye bandari kama Salvador, katika jimbo la Bahia, walibatizwa, wakapewa majina ya Kireno na kukatazwa ibada zao. Wakaendelea nazo. Wengi waliomba mbele ya sanamu za watakatifu wa Kikatoliki huku moyoni wakimtaja mwingine. Aliyewasha mshumaa wa Mtakatifu Barbara huenda alikuwa akimsalimu Iansã, mwenye upepo na dhoruba.

Candomblé si kitu kimoja. Kuna nyumba za Ketu, zinazofuata zaidi mila za Wayoruba. Kuna za Jeje, zenye asili ya Wafon. Kuna na za Angola, zilizotoka kwa Wabantu wenzetu wa Angola na Kongo. Dini nyingine ya huko inayofanana nayo inaitwa Umbanda. Neno hilo ni la Kimbundu na maana yake ni kazi ya uponyaji. Mponyaji mwenyewe ni kimbanda. Sisi tunasema mganga, uganga. Mtindo wa kujenga neno ni uleule.

Juu ya wote yuko Mungu mmoja, Olorum. Orisha wako chini yake, kila mmoja na eneo lake la ulimwengu. Wabrazil huandika 'x' pale ambapo sisi tungeandika 'sh', kwa hiyo Oxum tamka Oshum. Huyo ni wa mito, dhahabu na kioo cha kujitazamia. Xangô ni wa radi na haki. Ossaim anajua siri za majani. Omolu, aliyefunikwa nyasi kavu kutoka kichwani, analeta maradhi na pia anayaponya. Chakula chake ni bisi. Exu ndiye mjumbe, na hupewa sehemu yake kabla ya wengine wote. Wamishonari walimwita shetani na jina likamganda mpaka leo, ingawa katika Candomblé hakuna shetani.

Kauri ndizo husema

Sasa, unamjuaje wako? Hapa ndipo chemshabongo zangu zilipoanguka mtihani.

Unaenda kwenye nyumba ya ibada, ambayo huko wanaiita terreiro, ukaketi mbele ya kiongozi wake. Akiwa mwanamke anaitwa mãe de santo, yaani mama wa mtakatifu. Akiwa mwanamume ni pai de santo. Mbele yake kuna kitambaa cheupe au ungo, shanga zimezungushwa, na katikati kuna kauri, kwa kawaida 16. Migongo yake imekatwa ili kila moja iweze kulala ikiwa wazi au imefungwa.

Anazitaja sala, anazitikisa mikononi, anazirusha. Idadi ya zilizolala wazi inaonyesha ishara inayoitwa odu, na kila odu ina hadithi zake, maonyo yake na orisha wanaozungumza kupitia kwake. Anasoma pia zilivyotawanyika. Kisha anarusha tena, na tena. Anauliza, anahakikisha. Mama aliyekomaa hana haraka ya kukutajia jina, na wapo wanaokurudisha nyumbani uje siku nyingine.

Kwa nini haraka ni hatari? Kwa sababu ndani ya kichwa chako kuna ori, nafsi yako ya ndani kabisa, na ori akikabidhiwa orisha asiye wake, wanaamini maisha yatakwenda kombo. Isitoshe, huwa kuna orisha wa pili anayemsaidia wa kwanza. Unaweza kuwa na tabia zote za yule wa pili, watu wakakudhania wake, kumbe mwenye kichwa amekaa kimya nyuma.

Ndiyo maana kuangalia hasira za mtu tu hakutoshi. Wabrazil wenyewe hutaniana kila siku kwamba fulani anapenda vioo, lazima ni wa Oxum, au fulani hasikii la mtu, huyo ni wa Ogum. Ni mazungumzo ya kibarazani. Kichwa hakikabidhiwi kwa mazungumzo ya kibarazani.

Na hizo kauri unazijua. Ndizo zile wasupa wanafunga kwenye nywele, zile zinazouzwa kwa mikufu Maasai Market. Kwa karne nyingi zilikuwa pesa Afrika Magharibi, na asili yao ni Bahari ya Hindi, hasa visiwa vya Maldives. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kuzizoa pia huku kwetu kupitia Zanzibar, wakazipeleka Afrika Magharibi kwa wingi mpaka thamani yake ikaporomoka. Pesa hizohizo ndizo zilizokuwa zikinunua watu. Kwamba wajukuu wa walionunuliwa wanazitumia leo kuuliza "mimi ni nani", hilo lilinifanya niweke simu chini kwa muda.

Kutajiwa jina ni mwanzo tu

Tuseme umetajiwa. Usikimbilie kubadilisha wasifu wako mtandaoni.

Kuna ibada ya kulisha kichwa, bori, ya kumpa ori nguvu. Wengi huishia hapo na maisha yanaendelea. Si kila mtu anaitwa kuingizwa rasmi. Wengine huambiwa kazi yao ni kupiga ngoma au kuwahudumia waliopandwa na orisha, na wao wenyewe hawapandwi kamwe.

Anayeitwa hujifungia ndani ya nyumba, siku hizi mara nyingi siku 21. Ananyolewa nywele. Analala kwenye mkeka. Anajifunza nyimbo, densi, vyakula na miiko ya orisha wake. Mwana wa Oxalá, kwa mfano, hujiepusha na mafuta ya mawese. Mwishoni anatolewa mbele ya watu, ngoma zinalia, na orisha kupitia kinywa chake anatangaza jina kwa sauti. Ukumbi mzima hulipuka kwa shangwe.

Baada ya hapo yeye ndiye mdogo kuliko wote. Hata kama ni daktari au wakili, atamwamkia kwa heshima msichana wa miaka 20 aliyemtangulia kuingia. Inachukua miaka saba ya wajibu kabla ya kuhesabiwa mkubwa. Miaka saba! Mimi mwaka wa pili wa chuo ulinishinda.

Na viongozi wao ni watu wa kazi zao. Mãe Stella de Oxóssi, aliyeongoza terreiro ya Ilê Axé Opô Afonjá ya Salvador hadi alipofariki mwaka 2018, alikuwa muuguzi, akaandika vitabu, na mwaka 2013 akachaguliwa kuingia Akademia ya Fasihi ya Bahia. Mwaka 1983 yeye na akina mama wengine wakuu, akiwemo Mãe Menininha wa Gantois, walitangaza wazi kwamba orisha hawahitaji tena kujificha nyuma ya watakatifu wa Kikatoliki.

Bei ya kusema wazi

Kujificha kulikuwa na sababu. Polisi walivamia nyumba hizi, wakabeba ngoma na vifaa vya ibada. Bahia, mpaka mwaka 1976, terreiro zilitakiwa kujisajili kwa polisi. Vitu vitakatifu vilivyonaswa Rio de Janeiro vilikaa mikononi mwa polisi hadi mwaka 2020 vilipohamishiwa makumbusho.

Polisi walipopunguza, majirani wakachukua zamu. Mwaka 1999 gazeti la kanisa moja lilichapisha picha ya mama mmoja wa Salvador, Mãe Gilda, chini ya kichwa cha habari kuhusu matapeli. Nyumba yake ikashambuliwa, afya yake ikadorora, na Januari 21, 2000, akafa kwa moyo. Leo tarehe hiyo ni siku ya taifa ya Brazil ya kupinga chuki za kidini. Hata hivyo, mwaka 2015 msichana wa miaka 11 alipigwa jiwe kichwani barabarani Rio akiwa amevaa nguo nyeupe, akitoka ibadani.

Pamoja na hayo, wanaojitaja hadharani wanaongezeka. Katika sensa ya mwaka 2010, waliojiandikisha kuwa wa Umbanda na Candomblé walikuwa asilimia 0.3. Katika ile ya mwaka 2022, wakafika asilimia 1.

Nilikuwa nikisoma haya sebuleni mamangu alipopita nyuma yangu na kuona picha ya Omolu na nyasi zake. Mamangu ni mlokole, kesha kila Ijumaa. Akasimama.

"Umeanza kuomba majini?"

"Ni habari za Brazil tu, mum."

"Funga hiyo kitu kwa nyumba yangu."

Nikafunga. Sikumkasirikia, ananipenda na anaogopa. Lakini nilifikiria kwamba hata wale waliorusha jiwe Rio, pengine mazungumzo yao yalianzia sebuleni kama hii, na mama kama huyu, na neno kama hilo.

Nikampigia dani

Sina mpango wa kwenda Salvador, wala sijabadilisha dini. Ila kitu kimoja kilinikaa. Kule hakuna anayejitajia orisha wake mwenyewe. Lazima kuwe na mtu mzima aliyeketi mbele yako, anayekuangalia, aliye tayari kukaa na wewe miaka baada ya jibu. Mimi nilikuwa nimeuliza simu, peke yangu, gizani.

Jumapili nikampigia dani, nyanya yangu aliyeko Siaya. "Mume wangu," akaniita, kama nyanya wa Kijaluo wanavyowatania wajukuu. Nikamuuliza nilipataje jina langu la nyumbani, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Akacheka. Akasema nilipozaliwa nililia usiku kucha, nikakataa hata kunyonya. Wazee wakaanza kutaja majina ya watu wetu waliotangulia, moja baada ya jingine. Walipolifikia hilo nikanyamaza, nikanyonya, nikalala. Basi wakajua ni nani amekuja.

"Alikuwa mtu wa aina gani?" nikauliza.

Kimya kidogo. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Njoo Desemba tukae chini nikuambie," akasema. "Haya si mambo ya simu."

Nimeanza kuweka nauli kando.